Shujaa asiyekufa akipoteza kumbukumbu, nani anamtunzia?

Mwanzisha uzi, Kampala

Wanajukwaa, naomba tuzungumze kwa utulivu kuhusu aina moja ya shujaa ambaye kila mpenzi wa katuni za Kijapani za kubuni za kisayansi amekwisha kukutana naye: mtu asiyekufa, mwenye nguvu za akili za kusoma mawazo ya wengine na kusukuma vitu bila kuvigusa, ambaye katikati ya hadithi, au hata kabla haijaanza, amepoteza kumbukumbu zake. Wengi humchukulia kuwa ni njia ya kuficha siri mpaka sehemu ya mwisho. Mimi naamini kwamba kusahau huko ndiko kiini cha hadithi zenyewe, na kwamba iliyo bora kati yake hutambulika kwa namna inavyojibu swali lililo kwenye kichwa cha uzi huu.

Swali hilo lilinishika nikiwa mtoto, kabla sijajua namna ya kuliuliza. Baba alikuwa askari, nasi tulikulia kambini, ndiyo maana Kiswahili ni lugha yangu ya nyumbani ingawa majirani wa nje ya uzio walizungumza Kiganda na Kisoga. Nyuma ya soko palikuwa na kibanda cha video: mabati juu, mabenchi ya mbao, gunia jeusi limetundikwa mlangoni ili mwanga usiingie. Mimi sikuwahi kuona filamu tangu mwanzo, kwa sababu sharti nimalize kwanza kuchota maji. Nilikuwa nikiinua gunia lile filamu ikiwa imefika nusu. VJ alikaa palepale mbele na kipaza sauti, akitafsiri kwa Kiganda juu ya sauti ya filamu, na alikuwa na desturi moja ambayo mpaka leo naiheshimu: akiona watoto wameingia kwa kuchelewa, alisubiri mahali ambapo wahusika wamenyamaza, kisha akatusimulia mwanzo tulioukosa kwa sentensi tatu au nne. Jioni moja aliyekuwa kwenye skrini ni kijana mwenye joho, akielea angani, na mbele yake amelala mtu mwenye sura ya ujana. VJ akatuambia sisi wachelewaji kwamba yule aliyelala ana miaka mia tatu, na kwamba katika ulimwengu ule kila mtoto akifikisha miaka 14 hufutiwa kumbukumbu za waliomlea.

Miaka mingi baadaye nilipata jina la hadithi hiyo. Ni Terra e, iliyochorwa na Keiko Takemiya kuanzia 1977 hadi 1980, ikafanywa filamu mwaka 1980 na mfululizo wa televisheni wenye sehemu 24 mwaka 2007. Aliyelala ni Soldier Blue, kiongozi wa watu waitwao Mu, wenye nguvu za akili na miili dhaifu, wanaowindwa na utawala wa kompyuta. Kijana ni Jomy, ambaye siku yake ya kuzaliwa ya 14 ilikuwa iwe siku ya kumsahau mama, lakini Blue akaingilia kati kabla mashine haijamaliza kazi yake. Tazameni jinsi mwandishi alivyopanga mambo: anayekaribia kutokufa ndiye anayekumbuka, na wanaokufa kama kawaida ndio waliofutwa. Blue anapokaribia mwisho wake, anachompa Jomy kabla ya upanga wala jeshi ni kumbukumbu za miaka mia tatu ya watu wake. Kijana huyo, aliyetaka kubaki na kumbukumbu za nyumba moja tu, analazimika kubeba za taifa zima.

Naomba michango yenu, hasa ya wale wasiokubaliana nami.

Mchangiaji kutoka Jinja

Ndugu, nimekusoma kwa makini, na sikubaliani nawe katika jambo moja kubwa. Waandishi wengi humfanya shujaa asahau kwa sababu hawajui la kufanya na mtu asiyekufa. Mtu aliyeishi miaka elfu moja na kukumbuka yote angekuwa na jibu la kila tatizo, na hadithi ingekwisha katika sehemu ya kwanza. Kwa hiyo humpiga kichwani, husahau jina lake, na tatizo la mwandishi linaondoka. Halafu sehemu ya mwisho anapigwa tena, kumbukumbu zinarudi zote kwa pamoja. Ubongo wa binadamu haufanyi kazi hivyo. Mimi ni muuguzi, nimewaona wagonjwa walioumia kichwani, na sijaona hata mmoja aliyerudishiwa kumbukumbu kwa pigo la pili.

Mwanzisha uzi, Kampala

Dada, nakushukuru. Kuhusu pigo la pili nakubaliana nawe kabisa; kazi inayotumia njia hiyo haistahili muda wetu. Lakini kuna upande ambao katuni hizi zimeupata vizuri kuliko filamu nyingi za waigizaji, na naomba niueleze kwa kirefu kidogo.

Mwaka 1953 kule Marekani, mwanamume mwenye umri wa miaka 27, Henry Molaison, alifanyiwa upasuaji wa kupunguza kifafa, na daktari akaondoa sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, pande zote mbili. Tangu siku hiyo mpaka alipofariki mwaka 2008 hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya za matukio. Mtu akitoka chumbani na kurudi baada ya dakika chache, kwake alikuwa mgeni. Hata hivyo mtafiti Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu, jambo gumu kwa mtu yeyote, na siku baada ya siku mkono wake uliendelea kuboreka, ingawa kila siku alisema hajawahi kuifanya kazi hiyo. Kwa hiyo kumbukumbu si ghala moja lenye mlango mmoja. Ile ya matukio huweza kupotea, na ile ya mikono ikabaki.

Ndiyo maana sishangai shujaa asiyejua jina lake anapokuwa bado anajua kupigana, au nguvu zake za akili zinapotoka zenyewe wakati wa hatari. Mwili wake umekumbuka. Kinachonigusa ni kwamba shujaa wa namna hii huiogopa mikono yake, kwa kuwa inajua mambo ambayo yeye hajui iliyajifunza wapi, na dhidi ya nani.

Tena, kuna jambo la ajabu zaidi lililoonekana kwa viumbe hai vyenyewe. Minyoo bapa ya aina ya planaria ikikatwa kichwa huotesha kingine, pamoja na ubongo mpya. Mwaka 2013 watafiti nchini Marekani waliifundisha minyoo hiyo kutafuta chakula mahali penye mwanga na sakafu yenye mikwaruzo, mahali ambapo kwa kawaida hupakwepa, kisha wakaikata vichwa. Baada ya wiki mbili hivi vichwa vipya vilikuwa vimeota. Minyoo haikuonyesha kukumbuka mara moja, lakini ilipokumbushwa kwa somo moja fupi, ilijifunza upesi kuliko minyoo ambayo haikuwahi kufundishwa. Kila ninapotazama shujaa ambaye mwili wake hujijenga upya kila unapoharibiwa, nafikiria minyoo hiyo. Kumbukumbu yake haikuwa imekwisha. Ilikuwa inasubiri mtu wa kuikumbusha.

Mchangiaji kutoka Jinja

Hapo umenigusa. Ngoja nifikirie, nitarudi.

Mchangiaji kutoka Hoima

Salaam nyote. Mimi si mtazamaji mkubwa wa katuni za Kijapani, watoto wangu ndio wanaozitazama, ila nimeshangaa kwamba mnazungumza kana kwamba shujaa wa namna hii ametoka mbali. Hapa kwetu Bunyoro tunaye tangu zamani.

Ndahura, wa kwanza katika Bachwezi, wafalme wa kale wa masimulizi yetu, alitupwa mtoni akiwa mchanga kwa sababu babu yake Bukuku aliambiwa na wapiga ramli kwamba mjukuu atamletea kifo. Kitovu chake kikanasa kwenye mti kando ya maji, na mfinyanzi aitwaye Rubumbi, aliyekuwa amekuja kuchimba udongo, akamwokota. Mtoto akakulia katika nyumba ya vyungu bila kujua kwamba ni wa ukoo wa wafalme. Lakini mfinyanzi alijua. Alimpelekea habari mama mzazi, Nyinamwiru, kwa siri, naye mama akawa anatuma ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya mtoto wake. Kijana alipokua alitenda kama mtawala bila kuambiwa: aligombana na wachungaji wa mfalme penye maji ya kunyweshea, akamuua Bukuku mwenyewe, akaketi kwenye kiti chake. Sasa niambieni, huyo si shujaa asiyejua alikotoka, na mwili wake unajua?

Na Bachwezi hawakufa. Wazee husema waliondoka. Ziwa Wamala mpaka leo lina jina la mwana wa Ndahura. Baada ya kuondoka wakawa wanazungumza kupitia watu waliopandwa na roho zao, nao ndio waliobaki kuwakumbuka kwa majina, mmoja mmoja.

Mwanzisha uzi, Kampala

Mzee wangu, mchango wako umenifanya nisimame na kuzunguka chumba. Mfinyanzi! Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta na sikuwa na jina lake. Katika kila hadithi ya shujaa aliyesahau, mtafuteni mfinyanzi: mtu asiye na nguvu yoyote ya ajabu, asiyeishi miaka mia tatu, ambaye kazi yake ni kujua tu, na kunyamaza mpaka wakati ufike.

Kuna hadithi ambazo hazina mfinyanzi, na hizo ndizo zenye uchungu mkubwa. Katika Terra e yupo kijana mwingine, Keith Anyan, adui wa Jomy, mwenye akili kali na asiyekumbuka chochote cha utotoni. Wenzake wanadhani amefutiwa kama wao. Ukweli ni kwamba hakufutiwa: alitengenezwa na kompyuta, akakuzwa ndani ya tangi la maji mpaka alipofika umri wa kutolewa. Hakuna mama, hakuna nyumba, hakuna aliyemwona akitambaa. Kando yake kuna mwanafunzi aitwaye Shiroe, anayeikataa mashine kwa nguvu zote, anayeng'ang'ania kitabu cha utotoni kwa sababu ndicho kilichobaki cha wazazi wake. Shiroe ndiye anayegundua siri ya Keith, na Keith ndiye anayeamriwa kukitungua chombo cha Shiroe. Anakitungua. Mtu mmoja tu aliyejua kwamba Keith hana mwanzo, na Keith akamuua kwa mkono wake. Sijaona katuni nyingine iliyoonyesha kwa uwazi hivyo gharama ya kumpoteza anayekukumbukia.

Na iko Kaiba, ya mwaka 2008, yenye sehemu 12, iliyoongozwa na Masaaki Yuasa. Imechorwa kwa mistari ya mviringo kama kitabu cha watoto wadogo, na wengi huiacha dakika ya tano kwa sababu hiyo. Naomba msiiache. Katika ulimwengu wake kumbukumbu huhifadhiwa kwenye chipu ndogo zinazoweza kutiwa katika mwili mwingine, kwa hiyo tajiri hafi: mwili ukichakaa hununua mwingine. Na panaponunuliwa miili pana wanaouza. Shujaa anaamka hana kumbukumbu, ana tundu kifuani, na shingoni ana kidani chenye picha ya mwanamke isiyoonekana vizuri. Katika safari yake anakutana na msichana Chroniko, ambaye anauza mwili wake ili ndugu zake wapate kula, na baadaye shujaa anajikuta akiishi ndani ya mwili uleule wa Chroniko. Fikirini hali hiyo. Aliyesahau kila kitu anatembea kwa miguu ya aliyesahauliwa. Kutokufa kwa wachache kumejengwa juu ya kufutwa kwa wengi, na hadithi haisemi jambo hilo kwa hotuba hata mara moja. Inakuonyesha msichana anayeaga akidhani atarudi.

Mchangiaji kutoka Gulu

Naomba kuuliza swali ambalo kwetu kaskazini si la katuni peke yake. Ikiwa shujaa huyo, kabla hajasahau, aliua watu, je, baada ya kusahau bado ana deni? Katika Ergo Proxy ya mwaka 2006, Vincent Law anafika kwenye mji uliofunikwa akiwa mhamiaji mpole, mwoga, anayeomba radhi kwa kila mtu. Sehemu kwa sehemu anagundua kwamba kiumbe wa kutisha anayetafutwa ni yeye mwenyewe, na akirudi katika mji alikotoka anagundua kwamba kumbukumbu zake zilifutwa kwa matakwa yake mwenyewe. Nilipofika hapo nilikasirika. Nilihisi amekimbia kesi.

Mwanzisha uzi, Kampala

Ndugu wa Gulu, sitajifanya ninajua kuliko wewe kuhusu jambo hili, ila nitasema nilivyofundishwa na Mwacholi mmoja niliyefanya naye kazi. Alinieleza kwamba katika mato oput, desturi ya Waacholi ya kupatanisha, kabla watu hawajainama pamoja kunywa ule mchanganyiko mchungu wa mzizi wa mti wa oput, lazima ukweli usemwe na fidia itolewe, na kwamba wanaokabiliana ni koo mbili. Muuaji hasimami peke yake mbele ya mtu mmoja. Nilimwuliza: je, kama aliyeua hakumbuki? Akanijibu kwamba ukoo unakumbuka, na ukoo ndio unaosema.

Kwa kipimo hicho, kosa la Vincent ni zito, lakini haliko katika kusahau kwenyewe. Liko katika kwamba alijifuta akiwa peke yake, bila kumwachia mtu yeyote ukweli ili siku moja aulizwe. Ndiyo maana hadithi inampa wasafiri wawili, Re-l, mpelelezi asiyekubali kudanganywa, na Pino, roboti wa umbo la mtoto aliyeanza kupata hisia zake mwenyewe. Anapojitambua alivyo, wao wapo. Hawamkimbii, na wala hawamwambii kwamba hakufanya kitu. Hasira yako nadhani ni ya haki mpaka mahali hapo. Baada ya hapo sina hakika kama ningeendelea nayo.

Nitaje pia kwa ufupi Locke, wa mchoraji Yuki Hijiri, kwa kuwa ndiye babu wa kundi hili: alianza mwaka 1967 katika jarida la mashabiki, na filamu yake ikatoka 1984. Ana uwezo wa kuurudisha mwili wake ujanani, kwa hiyo hafi, na katika filamu tunamkuta akichunga kondoo mbali na watu. Lakini anayefutiwa kumbukumbu humo ni msichana, Jessica, aliyefundishwa kumchukia Locke, na ambaye alipewa jina jipya na maisha mapya. Locke anakumbuka yote, karne kwa karne, na anaishi na kondoo. Nimeitazama mara mbili, na mara zote mbili nilimwonea huruma yeye kuliko Jessica.

Mchangiaji kutoka Jinja

Nimerudi kama nilivyoahidi. Kaka wa Kampala, nakubali sehemu kubwa ya hoja yako, na nitaeleza ni kwa nini, kisha niende zamu.

Mdogo wangu anaendesha boda. Miaka minne iliyopita aligongwa na gari usiku, akalala hospitali siku tisa. Alipozinduka alitufahamu sote, lakini siku ya ajali na siku mbili kabla yake hazimo. Mpaka leo hazimo. Siku ya kwanza aliyoweza kukaa nje tulimletea pikipiki yenyewe, iliyokuwa imepinda uma wa mbele, na kabla hatujamwambia lolote alichukua spana namba 14 akaanza kufungua nati za gurudumu, mikono yake ikienda bila kusita, huku akituuliza nani ameiharibu pikipiki yake.

Mama ndiye aliyempa siku zile tatu. Alimweleza alikula nini asubuhi ile, kwamba alikuwa amevaa koti la kaka yetu, kwamba alipita nyumbani saa kumi na moja jioni kumwachia pesa ya mafuta ya taa, na kwamba aligeuka langoni akasema atarudi mapema. Alimweleza tena, na tena, kila alipouliza. Juzi wageni walikuja, mmoja akamwuliza kuhusu kovu. Akaisimulia siku ile yote yeye mwenyewe, koti, pesa, langoni, hata akaongeza kwamba mvua ilikuwa imeanza kudondoka. Mama alikuwa jikoni. Hakuwahi kumwambia kuhusu mvua, na mvua kweli ilikuwepo.